Chekeche Jipya

Kwanza nilitungua chekeche la mama.
Lilikaa msumarini miaka thelathini,
waya wake umebonyea katikati
kama godoro la mtu anayelala peke yake.
Nililigonga ukutani, mara moja, taratibu,
likatoa vumbi jeupe:
ngano ya Idi za watu wasiokuwepo tena.

"Hata chembe," daktari wa Bombo alisema,
akanionyesha chembe kwa ncha ya kalamu.
Nami ni binti Mwinyihaji, muoka boflo
wa Barabara ya Kumi na Mbili.
Nimelelewa na ngano, nimesomeshwa na ngano,
ada yangu ya shule ilinuka hamira.
Leo ngano hiyo hiyo
inamkata mwanangu tumbo.

Miaka miwili tulisema ni minyoo,
kisha tukasema kijicho, kisha ukaidi.
Tulimpa dawa, tukamnywesha kombe,
tukampa na kofi moja, Mungu anisamehe,
siku aliyoisukuma chapati
na mimi nikasema Mishi anadeka.

Basi.
Muhogo mkavu wa Pongwe. Sikuupeleka mashineni,
huko kila nafaka hupita na kuacha nguo zake;
niliutwanga kinuni mpaka bega likanisuta.
Korosho za vipande, zile za bei ya chini.
Kakao ya Kyela, wifi kaituma kwa basi
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kalizungushia plasta kama majeruhi.
Samli, sukari, mayai, chumvi ya kufinya.
Na chekeche jipya, elfu nne, sokoni Ngamiani.
"Nyumbani huna?" muuzaji aliuliza.
Ninalo, nikamwambia. Limekula mengi.

Mara ya kwanza zilimomonyoka.
Baba alionja kwa ncha ya ulimi,
akafuta vidole kwenye kikoi.
"Ukoo huu haujapata kuoka mchanga," akasema,
akarudi kwenye redio yake.

Mara ya pili niliongeza yai,
donge nikalilaza saa nzima
kwenye friji la Mama Salhina
(letu siku hizi ni kabati la viatu).
Sufuria kubwa, mchanga chini, bati juu,
makaa chini kidogo, makaa juu kwa ukarimu.
Nikachuchumaa pale kama askari wa lindo,
sijui nalinda nini, sijui dhidi ya nani.

Harufu ndiyo iliyotangulia.
Ilipita ukumbini, ikamzimia baba redio.
Mishi akaja, akasimama mlangoni,
mikono nyuma, kama alivyojizoesha
katika kila karamu, kila hitima,
wenzake wakigawiwa kaimati
yeye akimenyewa chungwa.
"Mama," akauliza, "hizi zangu, au za watu?"

Zako.

Hakula. Alizihesabu kwanza: kumi na tisa.
Akarudia kuhesabu, kwa kidole.
Kisha akaichukua sinia nzima, ingali moto,
kaishika kwa ncha za kanga yangu,
akatoka nayo barazani walipo watoto wa jirani.
Nikamsikia sauti, sauti ya mwenye duka:
"Moja moja! Hizi ni zangu, nawagawia."

Zilirudi nne. Moja imeungua kitako.
Baba aliichukua hiyo, asiseme neno,
akaivunja karibu na sikio,
kama alivyokuwa akisikiliza ganda la boflo alfajiri.
Akatafuna polepole. Akachukua ya pili.
"Chekeche la mama yako liko wapi?"
Juu ya kabati, nikasema, ndani ya kanga yake.
Akaitikia kwa kichwa, chokoleti kwenye ndevu.

Usiku nimeosha vyombo, nimetundika.
Msumari ni ule ule, ila huu mzigo hauujui:
upepo ukiingia dirishani
chekeche jipya linagonga ukuta,
tik, tik,
na hakuna kinachodondoka.